Nanga Penye Njia ya Juya

Petit Morne, Saint Vincent
Jumapili ya Matawi, 12 Aprili 1987

Kwa dada yangu Merlene, mpiga pasi mashuhuri wa Tortola,

Kaa kitini kwanza. Umekaa? Haya. Kuanzia wiki hii hakuna nanga inayogusa mchanga wa Petit Morne bila ruhusa yangu. Mawimbi yenyewe hunipisha. Jana papa alinikuta napiga kasia, akanitazama, akageuza njia, na mwenzake aliyekuwa nyuma akamfuata. Mwalimu Cordice, yule aliyenitoa darasa la sita akidai kichwa changu kimejaa matope, siku hizi akipita ufukweni ananiita "Kapteni". Anacheka kidogo akisema hivyo, lakini nadhani ni meno yanamsumbua.

Najua unasema, Alrick, acha uongo. Basi sikia ukweli ulivyo mtamu. Wageni wa Pasaka wameanza kushuka na ghuba imejaa matanga mpaka wanaoga wakitazamana. Na ghuba yetu unaijua, ukitoka ufukweni kidogo tu bahari inaanguka kama kisima. Mgeni akitupa nanga bila mtu wa kumfungia tezi, yaani nyuma ya mashua, kwenye mti wa nchi kavu, nanga inateleza mteremkoni, naye asubuhi anaamka yuko njiani kwenda Mexico na nguo zake za kulalia. Ndipo tunapoingia sisi vijana wa kamba. Tanga likitokeza nje ya rasi tunapiga kasia kama tumeiba, na anayegusa ubavu wa mashua kwanza ndiye mwenye mgeni. Anampelekea kamba mtini, anamletea mkate na barafu, anampandisha kwenye maporomoko, mpaka siku anaondoka ni wake, hakuna wa kumsogelea.

Sasa nani anagusa kwanza? Huyo mchumba wako Ashburn Lavia ana mabega kama mlango wa kanisa, lakini mimi Mungu alinipa kichwa. Alhamisi nilijilaza ndani ya kihori changu nje ya rasi tangu kabla ya mapambazuko. Tanga hilo, nikagusa. Ashburn anafika anahema kama ng'ombe wa miwa. Nikamwambia, "Shemeji, umechelewa. Nenda kapaue nyumba ya dada yangu."

Akanirushia maji kwa kasia. "Wewe siku moja utagusa meli ya mizigo ikupeleke Brazili."

"Nikifika huko nitakutumia kahawa."

Anakusalimu sana. Paa la nyumba yenu limefika nusu. Mabati yaliyobaki anangoja samaki vibua waingie. Si unajua yeye ndiye mkono wa kwanza kwenye juya la Mzee Garnet, wavu ule mkubwa wa kijiji, fungu lake ni nono, vibua wakiingia tu mabati yamepatikana na Agosti mnaoana. Ila Kwaresima yote hii hawajaonekana hata mmoja. Yule mlinzi wa kilimani anayepuliza baragumu la kome akiwaona ataota ukungu. Bibi Ione anasema shelisheli za mwaka huu ni tamu lakini zinalia upweke. Pia anasema niandike kwamba mimi si kapteni wa kitu chochote. Nimeandika.

Ndugu yako,
Alrick Delpesche, Amiri wa Ghuba

—

Road Town, Tortola
Alhamisi Kuu, 16 Aprili 1987

Alrick,

Barua yako imefika na chumvi yake. Papa hakukupisha. Papa alikunusa akaona bora afunge.

Nina furaha leo, kwa hiyo nakusamehe. Kitambaa cha gauni nimekipata. Cheupe, si cheupe cha hospitali, ni cheupe kama ndani ya shelisheli. Na jana nimefanya jambo kubwa. Nimemwambia mama mwenye hoteli kwamba mwisho wa Julai naacha kazi. Alinuna, akaniambia msichana mwingine anaingojea nafasi yangu na nikitoka nisirudi kugonga mlango. Nikamwambia sitagonga, nakwenda kwangu.

Umeona nilivyosema? Kwangu. Nimelirudia neno hilo kutwa nzima juu ya mashati ya watu.

Mwambie Ashburn asihangaikie mabati. Nusu ya paa inanitosha, mvua ikija tutahamia upande wa pili. Na wewe mwache aguse mgeni mmoja mmoja. Unagombana na mtu anayekujengea mahali pa kuja kula.

Mbusu Bibi. Mle samaki kesho kwa niaba yangu.

Dada yako,
Merlene

—

Petit Morne
Jumamosi Kuu, 18 Aprili 1987

Dada Merlene,

Sijui nianzie wapi, na unanijua, sijawahi kukosa pa kuanzia.

Vibua waliingia. Alhamisi Kuu asubuhi. Wanasema maji yalikuwa meusi kwa samaki kutoka kwenye mti wa mkungu mpaka gatini. Baragumu likalia kilimani, na kanisa likamwagika, padri mwenyewe mbele na beseni. Hakuna aliyekuwa na samaki wa Ijumaa Kuu, kwa hiyo unaweza kufikiri mbio zilivyokuwa.

Lakini penye njia ya juya palikuwa na mashua ya matanga. Imetia nanga katikati kabisa, tezi imefungwa kwenye mkungu ule wa mwisho, nyuma ya jiwe jeusi. Ndani hamna mtu. Mzee Garnet akasema lisiwe neno, vibua hawangoji, tupeni juya, mtu mmoja akafungue kamba mtini na wengine wataivuta mashua nje na nanga yake. Kazi ya kufumba na kufumbua. Ashburn akaruka akaogelea kwenda mkunguni.

Kamba haikufunguka.

Juya lilikuwa limeshazunguka. Watu wanavuta pande zote mbili, hawaoni nyuma ya jiwe, wanadhani kamba imefunguliwa. Juya likanasa nanga. Wakavuta. Mashua ikalala ubavu. Kisha likapasuka, dada. Wanasema ilikuwa sauti kama shuka la kitani linachanwa, ila yenyewe haikwisha upesi. Na vibua wakatoka wote kwenye lile tundu, wanaonekana wanavyotoka, na watu wamesimama na mabeseni.

Hakuna aliyepiga kelele. Miss Tryphena tu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo kesho tunakula nini?"

Mzee Garnet akatembea ufukwe mzima mpaka mkunguni. Akamkuta Ashburn na kamba mkononi. "Nani amefunga mashua hapa?"

Ashburn akasema, "Mimi."

"Wewe? Mkono wangu wa kwanza?"

"Mimi, Mzee."

Mzee Garnet akakaa chini mchangani. Hajawahi kukaa chini mbele za watu yule. Akasema, "Baba yangu alinionyesha pahali hapa kabla hajanionyesha kusali. Baragumu likilia hata meli ya malkia inapisha. Na wewe umepauza kwa mgeni wa Pasaka."

Wamemtoa kwenye juya. Kihori chake wamekipindua kifudifudi ufukweni, na unajua maana yake, hakigeuzwi na nyumba ya mkosaji haipati fungu la samaki hata wakiingia wengine, mpaka juya lishonwe lote. Wanasema litachukua msimu mzima. Watu hawamsalimii. Jana tumekula shelisheli na chumvi, kijiji kizima, na ilikuwa kimya mpaka unasikia majirani wanatafuna.

Hayo nimesimuliwa. Mimi sikuwepo, nilikuwa juu bondeni. Ashburn hajambo. Mkono umekwaruzwa kidogo.

Alrick

—

Road Town
27 Aprili 1987

Alrick,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye meza ya pasi, na nimeunguza shati la mgeni mpaka upande wa pili. Sikulisikia hata likinuka. Msichana mwenzangu ndiye aliyeninyang'anya pasi.

Nieleze upya, maana sielewi. Ashburn? Nikiwa na miaka tisa nilikuwa naogelea pale karibu na jiwe jeusi, akanivuta nje kwa nywele kwa sababu vibua walikuwa wamekaribia na mimi nitawatisha. Kwa nywele, Alrick. Nililia. Mtu huyo leo aende akafunge mashua ya mgeni pale pale, Wiki Kuu, kisha aondoke zake?

Kama ni kweli, basi simjui. Nimekaa huku miaka minne nikipiga pasi kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Na kazi nimeshaaga. Mama mwenye hoteli ameshamleta yule msichana kunitazama ninavyokunja mashuka.

Na wewe, huko bondeni ulikuwa unafanya nini? Huna shamba, huna mbuzi, na hujawahi kupanda mlima bila mtu wa kukulipa.

Niandikie upesi na uniandikie sawasawa. Namwandikia Ashburn pia, nimuulize mwenyewe.

Merlene

—

Petit Morne
4 Mei 1987

Mpenzi Merlene,

Umeuliza kama ni kweli. Nilisema mbele ya watu kwamba ni mimi. Siwezi kukuandikia wewe jingine halafu lirudi ufukweni.

Nyumba imesimama. Nusu ya paa inavuja mahali pamoja tu.

Usimlaumu mtu. Bibi Ione hajambo, anakula. Samahani kwa mwandiko.

Ashburn

—

Road Town
11 Mei 1987

Ashburn,

Mistari michache hiyo, na yote inapanda na kushuka kama ngazi ya nyumba iliyooza. Herufi zimelala, nyingine kubwa nyingine ndogo. Hata mbele ya karatasi yangu hukuweza kukaa bila chupa.

Nilikuuliza jambo moja. Ungesema nilikosea, ningekuwa nimeshakusamehe kabla ya kufika nukta. Ungesema si mimi, ningekuamini dhidi ya ghuba nzima. Umeniambia habari za paa.

Huku kuna mwanamke wa kwetu, amepata barua kutoka kwa shangazi yake. Ameisoma kwa sauti jikoni bila kujua wewe ni nani wangu. "Kuna mpumbavu mmoja ameuza Ijumaa Kuu ya kijiji kizima." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, Ashburn, nisionekane. Hilo ndilo siwezi kukusamehe, kwamba nilicheka.

Agosti usiningoje. Nimekwenda kwa mama mwenye hoteli kuomba kazi yangu. Ameniambia nirudi kesho, atafikiri. Kitambaa nimempa yule msichana.

Alrick hajanijibu. Naona aibu imemkamata na yeye. Ni mdogo, hakustahili shemeji wa namna hii.

Merlene Delpesche

—

Petit Morne
Jumanne, 19 Mei 1987

Dada Merlene,

Usiichane. Isome mpaka chini, kisha uchane.

Mwandiko ule si wa chupa. Ashburn aliandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukukwaruzwa kama nilivyokuandikia. Vidole viwili vimekwenda, cha shahada na cha kati, daktari wa Kingstown alivikata kwa sababu havikuwa vidole tena. Alikaa mezani kwetu kutwa nzima kuandika ile barua, na mimi nikamshikia karatasi isiteleze. Nilimshikia karatasi, dada, na nikaona alichokuwa anaandika, na sikusema kitu.

Barua yako ya kumwacha ameisomea ufukweni, amekalia kihori chake kilichopinduliwa. Alipomaliza akanipa. "Soma."

Nikasoma. Nikamwambia, "Shemeji."

Akasema, "Usiniite hivyo tena, si umeona mwenyewe?" Hakukasirika. Akaikunja akaitia mfukoni, akasema dada yako anaandika vizuri, kisha akaenda kumwuliza wakala wa meli habari za kazi kisiwani Aruba. Meli inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Basi. Mashua ile ilikuwa ya mgeni wangu mimi.

Ni mtu na mkewe kutoka Uswisi, wazee, Kiingereza chao cha kuchechemea. Nilikuwa nimewagusa alfajiri, mbali kabisa, kabla hata hawajaiona Petit Morne. Tukaingia, ghuba imejaa, hakuna mti uliobaki. Ningewaambia nendeni ghuba ya pili, na huko wangechukuliwa na kijana mwingine. Nami nimeshawaambia njia nzima kwamba mimi ndiye mkubwa wa hapa. Nikawapeleka mkunguni. Nikawaambia hapa hatumweki mtu isipokuwa wa heshima. Nilikuwa najua ni pahali pa juya, usiseme sikujua, kila mtoto anajua. Nikajiambia Kwaresima nzima hawajaja, watakuja leo?

Na nilijua Ashburn akipita tu atawafungua awahamishe. Vijana wa kamba tunafunguliana kamba kila siku, ndivyo mgeni wako anavyogeuka wa mwenzako. Kwa hiyo nikachukua mnyororo wa mbuzi wa jirani, nikauzungusha mkunguni, nikapitisha kamba ya mgeni, nikapiga kufuli. Nikajiona nimegundua dawa. Kisha nikawapandisha maporomoko kwa njia ya mto, watu wote wako kanisani, hakuna aliyetuona.

Ashburn alipofika mtini akakuta kufuli. Hana panga, ametoka majini. Akajaribu kuusukuma mnyororo ili upande juu ya shina, na ndipo juya lilipovuta mashua, mnyororo ukakaza, na mkono ulikuwa ndani. Alipochomoa alichomoa kilichobaki. Kamba aliikata kwa jiwe, juya likiwa limeshapasuka. Halafu, kabla Mzee Garnet hajafika, alilipiga kufuli kwa jiwe lile lile mpaka likaachia, akautupa mnyororo baharini, na kufuli langu humo humo. Wageni waliporudi, mimi nikiwa mbali nyuma yao, aliwasukuma na mashua yao nje ya ghuba kabla hawajafungua mdomo kusema nani aliwaweka pale.

Jioni alikuja kwetu, mkono umefungwa kitambaa. Bibi alikuwa jikoni. Akaniambia pole pole, "Nyumba ya mkosaji haipati fungu. Mimi nalisha kinywa kimoja. Wewe una Bibi, na fungu lile la wajane ndilo linalomweka. Nyamaza."

"Na dada?"

"Dada yako ananijua."

Nikanyamaza. Watu wanaonijua hawataamini jinsi nilivyoweza.

Jana nilikwenda kwa Mzee Garnet. Walikuwa wote kivulini wanashona juya. Nikasema yote mbele yao, kufuli, mnyororo, Waswisi. Sindano zikasimama. Nilingoja kupigwa, na ningeshukuru. Mzee Garnet alinitazama mpaka nikaona kama nimevaa nguo ya mtu mwingine. Akasema, "Vidole vile?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na yeye akasema ni yeye?"

"Ndiyo, Mzee."

Akageuka kwa wenzake, hakuna aliyeweza kumtazama. Kisha Mzee akanipa sindano ya nyavu. "Kaa. Shona." Nimeshona kutwa. Hakuna anayezungumza nami zaidi ya kunionyesha wapi nimekosea. Kihori cha Ashburn wamekigeuza juu, changu wamekipindua. Fungu la Bibi limekwenda. Nilipomwambia, Bibi alisema alikuwa akila shelisheli kavu kabla mama yetu hajazaliwa, akaendelea kupepeta mchele, na tangu hapo hajaniita jina.

Wamekwenda kumwomba Ashburn arudi kwenye juya, hata kwa mkono mmoja, Mzee Garnet mwenyewe na kofia mkononi. Amewapokea vizuri. Amesema Aruba haendi kwa sababu yao. Anakwenda kwa sababu yako. Kwa hiyo usiandike barua, barua haitawahi. Piga simu ya maandishi posta ya Kingstown, nitalala mlangoni pao mpaka ifike. Na kitambaa kidai.

Limebaki moja ambalo sikumwambia Mzee Garnet. Waliniuliza, "Huko juu baragumu hukulisikia?" Nikasema upepo ulikuwa mwingi. Wakakubali, kwa sababu ni kweli upepo wa bondeni unameza sauti.

Hapakuwa na upepo, dada. Tulikuwa hatujapita hata daraja la kwanza. Ningeshuka mbio ningefika wakati bado wanapakia juya kwenye mashua, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, nausikia unagonga paja. Yule mama wa Kiswisi akasimama, akaniuliza, "Ni nini hicho kinacholia?"

Nikamwambia ni kijiji kinanisalimu mimi. Nikamwambia kila nikipandisha wageni wanapiga.

Wakapiga makofi. Likalia tena, refu, na mimi nikavua kofia nikainama.

Alrick